Kwa nini tunutu wa dimbwini hukimbia na wa ziwani hutulia

Dada, umeuliza kwa nini tunutu (watoto waishio majini) wa kereng'ende kwenye madimbwi ya Igombe, kando ya Ziwa Victoria, wanachomoka ukiwagusa, ilhali wale wa kwenye matete ya ziwani wametulia tuli. Angalia kwanza nani anawala.

Sangara mdogo huwinda kwa macho na ana mbio. Kumkimbia ni kujitangaza, kwa hiyo vizazi kwa vizazi waliosalimika ni wale waliotulia. Dimbwi lisilo na samaki lina mtawala mwingine: tunutu mkubwa mwenyewe. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya uso, hufyatuka ghafla na kunasa windo kwa kulabu. Huyo ukimwahi kukimbia, unapona. Marekani, kereng'ende wembamba wa jenasi Enallagma waliohamia maji yasiyo na samaki walipata vipezi vipana zaidi mkiani na kuogelea kasi zaidi.

Miiba ya mgongoni ndiyo inayonivutia kuliko yote. Kwa kereng'ende wa Ulaya wa jenasi Leucorrhinia, humkinga tunutu dhidi ya samaki, lakini wadudu wawindaji huitumia kumshikilia vizuri! Ndiyo maana pasipo samaki miiba hupungua, hata kutoweka.

Usisahau pia ukaukaji wa madimbwi. Pantala flavescens, yule kereng'ende wa manjano anayejaa hewani msimu wa mvua, hutaga kwenye madimbwi ya muda. Watoto wake hula bila kupumzika na huweza kukomaa kwa wiki 6 hivi, kabla maji hayajaisha.