Jibu: kumpeleka mama Velankanni

Dada yangu wa Bukavu, nimeelewa kwamba mama yako, mwenye shinikizo la damu, anatamani kuhiji kwenye basilika ya Bikira Maria wa Afya Njema huko Velankanni, pwani ya India. Ningewaomba muepuke sikukuu ya tarehe 29 Agosti hadi 8 Septemba, kwa kuwa mji ule mdogo hufurika mahujaji na msongamano katika joto lile ungemchosha sana. Mpate wote chanjo ya homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya kuingia India, maana anayetoka Kongo bila cheti huweza kuwekwa karantini. Kutoka jiji la Chennai, treni ya usiku hadi Nagapattinam, mji ulio karibu na Velankanni, itamfaa kuliko basi. Kwanza aonwe na daktari wake, na vidonge asiviache hata akiombewa.