Injini iliyokamata baada ya gari kulala

Ndugu wa Ujiji, gari imelala miaka miwili na injini haizunguki? Usiilazimishe kwa stata wala kuivuta, utavunja ringi za pistoni. Toa plagi zote, mimina kila tundu vijiko vitatu vya ATF (oili ya gia za otomatiki) iliyochanganywa na dizeli, acha siku mbili. Kisha soketi na mpini mrefu kwenye bolti ya puli ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni): mbele kidogo, nyuma kidogo, kwa mkono. Mimi niliwahi kusukuma kwa hasira hapa Mwanga, bolti ikakatika, na kuitoa ikawa kazi ya wiki nzima.

Ikiachia, izungushe kwanza plagi zikiwa nje, nawe ukae pembeni, maana oili inaruka hadi usoni. Ukifunga plagi na kuwasha silinda ikiwa bado imejaa, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) inapinda. Oili ya injini mwaga, weka mpya.