Pikapu mpya na X-Trail ya mtumba: lipi liende kwa wakala, lipi kwa fundi wa mtaani?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Niko Kisasa, Dodoma. Nina pikapu ya dizeli niliyoinunua mpya kwa wakala Dar mwaka juzi. Naitumia kwenye shamba la zabibu Hombolo na safari za Kibaigwa. Waranti yake ni miaka 3 au kilomita 100,000, na sasa imefika kilomita 41,000. Kila sevisi naipeleka Dar kwa sababu wakala wake hana karakana hapa. Mara ya mwisho nililipa laki 7 na ushee, mbali na mafuta ya njiani na malazi. Kuna fundi Kizota anasema atanifanyia kwa laki 2 na nusu, oili na filta humohumo. Mume wangu naye ana Nissan X-Trail ya 2009 iliyotoka Japani, anataka tuipeleke kwa wakala Dar kwa sababu "mafundi wa mtaani wanaua magari". Nani yuko sahihi?

JIBU: Nzuri, dada yangu, na poleni na vumbi. Nitangulize jambo moja: mimi nina gereji yangu na si wakala wa kampuni yoyote, kwa hiyo yapime maneno yangu ukilijua hilo. Pamoja na hayo, nakushauri pikapu iendelee kwenda kwa wakala hadi waranti iishe, na X-Trail ya shemeji ibaki hapahapa Dodoma. Mmepishana tu: kila mmoja anataka kupeleka gari lake mahali panapolifaa la mwenzake.

Tuanze na pikapu. Waranti ni mkataba. Mtengenezaji anaahidi kurekebisha kilichoharibika kwa kosa la kiwandani, na wewe unaahidi kulitunza gari kama kijitabu kinavyosema. Pedi za breki, klachi, matairi na vitu vingine vya kulika kwa matumizi kwa kawaida havimo. Kilichomo ni vile vinavyouma: turbo, pampu ya dizeli ya presha ya juu, nozo, giaboksi, kompyuta ya gari. Pampu na nozo za injini ya dizeli ya siku hizi zikifa kwa pamoja, hesabu ni ya mamilioni. Siku hiyo jambo la kwanza utakaloulizwa ni kumbukumbu za sevisi. Ukionyesha pengo la kilomita 15,000, au oili isiyojulikana ilitoka wapi, umempa wakala sababu ya kukataa dai lako.

Pengine umesoma mtandaoni kwamba kampuni haiwezi kufuta waranti eti kwa kuwa ulifanya sevisi nje. Ni kweli kwa Ulaya, ambako sheria za ushindani zinawabana watengenezaji, na Afrika Kusini ilitoa mwongozo wa aina hiyo ulioanza tarehe 1 Julai 2021. Hizo ni kanuni za huko. Wewe unaongozwa na kijitabu ulichokabidhiwa pamoja na funguo, kwa hiyo kisome kwanza, hasa ile sehemu ya mambo yanayoondoa waranti.

Gharama ya safari sitaipuuza. Dodoma hadi Dar ni kama kilomita 450, kwenda na kurudi 900. Kama kijitabu chako kinataka sevisi kila kilomita 5,000, basi karibu moja ya tano ya umri wa oili inaishia barabarani ukienda kuibadilisha. Kwa hiyo kabla ya safari ijayo mwandikie wakala barua pepe, umuulize mawili. Je, ana gereji aliyoiidhinisha Dodoma au Morogoro, au hutuma mafundi mikoani? Na je, atakubali zile sevisi ndogo za kumwaga oili zifanyike hapa kwa oili na filta zilizonunuliwa kwake, ukiwa na risiti? Wapo wanaokubali na wapo wasiotaka kusikia. Akikubali, jibu liwe la maandishi. La kwenye simu halitakusaidia chochote siku ya ubishi.

Na hiyo laki 7, omba mchanganuo wake. Nimeona ankara za mawakala zenye dawa ya kusafisha nozo, dawa ya kuosha injini ndani, dawa ya rejeta, kila kitu na bei yake. Kijitabu kina jedwali la kazi za kila sevisi. Kisichomo kwenye jedwali ni hiari yako, kikatae kwa upole kabla kazi haijaanza. Ukiviondoa hivyo, ile tofauti kati ya Dar na Kizota inapungua.

Huyo fundi wa Kizota simfahamu, kwa hiyo simsifu wala simpondi. Ila bei yake ipigie hesabu. Pikapu nyingi za dizeli za saizi hiyo zinameza oili lita 6 hadi 8. Toa hapo filta ya oili, filta ya dizeli na ufundi, kisha jiulize kilichobaki kinanunua oili gani. Kama gari lako lina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, linataka oili yenye majivu kidogo, na daraja lake limeandikwa kwenye kijitabu. Oili ya dumu la kawaida huziba kile kichujio taratibu, na hutagundua leo wala kesho.

Waranti ikiisha, habari inabadilika. Oili, filta, breki, shokapu, bushi, betri, vyote vinafanyika Dodoma bila wasiwasi. Kwa wakala utarudi kwa kazi chache tu: nozo mpya, maana kwenye injini nyingi kila nozo ina namba yake inayoingizwa kwenye kompyuta ya gari, kuprogramu funguo, na hitilafu za umeme ambazo mashine ya kupimia ya kawaida inazisoma nusunusu.

Sasa X-Trail. Gari lililokuja limetumika kutoka Japani halina waranti ya mtengenezaji hapa, na cheti cha ukaguzi wa TBS si waranti. Kwa hiyo kile kinachokupeleka wewe kwa wakala, shemeji hana. Tena gari la umri huo linahitaji mtu anayetengeneza zaidi kuliko anayebadilisha. Bushi ya mkono wa mbele ikilika, wakala mara nyingi atakuuzia mkono mzima, wakati fundi hodari wa mtaani ataitoa kwa presi na kuweka mpya.

Lakini shemeji hajasema uongo. X-Trail kama yake zinauawa kweli, na nyingi zinauawa kwenye giaboksi. X-Trail ya kwanza, ile T30 yenye umbo la sanduku, ilikuwa na giaboksi ya otomatiki ya kawaida. T31 iliyoanza 2007, ambayo ndiyo ya 2009, kama ni otomatiki ina CVT: hakuna gia za hatua, kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Ule mkanda unashika kwa msaada wa oili yenyewe, na oili yake ni ya CVT, kwa Nissan ya kizazi hicho ni NS-2. Fundi aliyezoea T30 akimimina oili ya otomatiki ya kawaida, gari litatembea vizuri tu wiki ile. Mkanda unaanza kuteleza, puli zinachubuka, na baada ya muda gari linavuma kama linapanda mlima huku spidi haiongezeki. Hapo hakuna dawa. Unatafuta giaboksi nyingine ya mtumba.

Kwa hiyo muulize fundi kabla hajafungua boliti: "Unaweka oili gani kwenye giaboksi ya hii?" Akijibu "oili ya gia ni oili ya gia", mshukuru, ondoka.

Swali la pili ninalopenda watu waulize ni la thamostati, ile valvu inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Gari likichemsha, mafundi wengi wa huku huitoa kabisa, wakisema ni kifaa cha nchi za baridi. Watu wanaamini kwa sababu Dodoma ni joto na mshale wa temperecha unashuka kweli. Kinachotokea ni hiki: asubuhi za Juni na Julai, ambazo Dodoma ni za baridi hasa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaongeza petroli ikidhani bado ni baridi, na petroli isiyoungua inashuka kwenye oili. Kwenye injini kadhaa mambo ni mabaya zaidi. Thamostati ikifunguka huwa inaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, kisha ukipanda mlima na mzigo unachemsha kuliko mwanzo.

Na mji wetu uko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Maji kwenye sufuria hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kwenye gari kinachozuia hilo ni presha inayoshikiliwa na mfuniko wa rejeta, pamoja na koolanti. Mfuniko uliochoka na maji ya bomba tupu ndivyo vinavyounguza gasketi za hedi, halafu lawama anabebeshwa thamostati. Fundi anayepima mfuniko kabla ya kugusa kitu kingine, huyo usimwache.

Cha tatu, angalia anavyoshughulikia filta ya hewa. Kwa njia ya Hombolo na kwa upepo wa kuanzia Juni, kila wakala na kila kijitabu kitakuweka kwenye fungu la matumizi magumu, ambalo sevisi zake zinakaribiana zaidi. Filta ikipulizwa kwa kompresa, ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo, na ikaguliwe mbele ya mwanga kama imetoboka. Kisha fanya mwenyewe jaribio hili: injini ikiwa imezimwa, legeza bomba la hewa upande wa baada ya filta, funga kitambaa cheupe kwenye kidole, pangusa ndani. Kikitoka safi, sawa. Kikitoka na vumbi jekundu, filta haikukaa vizuri au mfuniko haukubanwa, na huo mchanga unakwenda kusaga ringi na silinda. Jaribio hilo linafaa kwa pikapu pia, hata ikitoka kwa wakala. Karakana yenye vigae vyeupe nayo ina vijana wa mafunzo kwa vitendo.

Kuhusu spea, usimwachie fundi pesa akanunue. Mnunue pamoja, au agiza Kariakoo kwa mtu unayemwamini zije na basi, au nunua filta na oili kwenye dirisha la spea la wakala na ufundi ulipe hapa. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipendekeza kwa X-Trail: oili ya CVT ya Nissan yenyewe, mikono ya Dodoma. Oili ikishamiminwa, toboa dumu tupu kwa bisibisi kabla hujaondoka. Madumu mazima yenye nembo yana soko lake, na yanayojazwa humo mimi na wewe hatuyajui.

Mwisho wa kazi dai risiti ya EFD, na karatasi yenye tarehe, kilomita, aina ya oili na lita zilizoingia. Fundi akisema hana muda wa kuandika, andika wewe kwenye daftari mbele yake na asaini. Ukija kuliuza gari, daftari hilo litamtuliza mnunuzi kuliko rangi mpya.

Nimebakiza moja kwa shemeji. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, ya kampuni nyingi tu, yaliitwa kurudishwa kwa sababu ya eabegi za Takata, ambazo kifaa chake cha kupulizia kinaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Joto na miaka vinazidi kuiharibu ile baruti ya ndani. Achukue namba ya chesisi, aitafute kwenye tovuti ya Nissan ya Japani au aitume kwa wakala wao Dar, aulize kama gari lake linahusika na utaratibu ukoje kwa magari yaliyoingia kwa njia ya mtumba. Kama linahusika, hiyo ndiyo safari ya Dar ambayo asiiahirishe, na asikubali fundi yeyote wa mtaani, nikiwemo mimi, aifungue eabegi hiyo.