Mita 50 kwa bastola: mkono utatikisika, bana triga

Wenye leseni wengi ninaokutana nao hapa Nakuru hupiga shabaha mita 5 au 7, wakijitahidi sana mita 10. Matundu yakikusanyika katikati ya karatasi wanaridhika, wanafunga mkoba na kwenda zao. Mimi nakuomba urudi nyuma. Simama mita 25, na wakati wake ukifika usimame mita 50. Sikuambii hivyo kwa sababu utawahi kuhitaji kumpiga mtu kutoka umbali huo. Kila risasi inayotoka kwenye bastola yako wewe ndiwe utakayeijibia, na umbali ndio unaokuonyesha ni kiasi gani unaitawala.

Chukua bastola ya kawaida ya milimita 9, yaani upana wa risasi yake. Kutoka kilengeo cha nyuma, chenye pengo, hadi ncha ya mbele, yaani kilengeo cha mbele unachokipanga katikati ya pengo hilo, kuna kama milimita 165 tu. Ncha hiyo ikipotoka milimita 1 ndani ya pengo lake wakati risasi inatoka, mita 7 utakosa kitovu kwa sentimita 4, na hutashtuka hata kidogo. Mita 25, kosa hilohilo limekuwa sentimita 15. Mita 50 ni sentimita 30, yaani risasi uliyoielekeza katikati ya karatasi ya A4 imepita nje ya karatasi kabisa.

Sasa linganisha na mtikisiko wa mkono, ambao watu huulalamikia zaidi. Mkono na bastola vikisogea pamoja milimita 1, vilengeo vikiwa bado vimepangana machoni pako, mita 50 unapoteza kama sentimita 7. Hasara yake ni kama robo ya ile ya kwanza. Lakini angalia tunavyofanya: tunapigana na mtikisiko, tunakaza mabega, tunabana pumzi mpaka macho yanaingia giza, halafu ncha ikipita tu juu ya kitovu tunainyakua triga kabla haijaondoka. Mnyakuo huo ndio unaopotosha vilengeo, na risasi inakwenda chini kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia.

Mzee aliyenifundisha, mwanajeshi mstaafu, alikuwa akisimama nyuma ya bega langu na kuniambia kwa sauti ya chini, “Mama, wacha itikisike. Wewe endelea kubana.” Sijasikia ushauri mzuri kuliko huo kuhusu bastola. Hakuna binadamu ambaye mkono wake hautikisiki. Ruhusu ncha izungukezunguke katikati ya shabaha, shughulika na kuipanga ndani ya pengo lake, na uongeze uzito kwenye triga polepole, moja kwa moja kuelekea nyuma, bila kuamua ni sekunde gani itafyatuka.

Ukidhani mita 50 ni jambo lisilowezekana, kumbuka mchezo wa bastola ya mita 50, uliokuwa kwenye Olimpiki hadi Rio 2016. Walikuwa wakipiga kwa mkono mmoja, vilengeo vya chuma vitupu, na duara la alama 10 lina upana wa sentimita 5 tu. Mwaka 1980 kule Moscow, Alexander Melentiev alipata alama 581 kati ya 600. Rekodi hiyo ilidumu hadi 2014, Jin Jong-oh wa Korea Kusini alipopata 583. Kweli bastola zao zilitengenezwa kwa kazi hiyo na zilitumia risasi ndogo za .22 (upana wa inchi 0.22). Hata hivyo mikono ilikuwa ya nyama na mifupa kama yetu.

Wengine hulaumu risasi kushuka. Kwa milimita 9, ikiwa umerekebisha vilengeo kwa mita 25, mita 50 risasi itakuwa imeshuka kama sentimita 4. Upepo wa alasiri nao utaisukuma sentimita chache. Ukikosa karatasi nzima, usitafute sababu angani.

Basi mazoezi yenyewe yanafanyika wapi? Sehemu kubwa ni nyumbani, bila risasi hata moja. Risasi ni ghali, na chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti chako kinataja kiasi cha risasi unachoruhusiwa. Kufyatua bastola tupu hakuna gharama, na kwa kuwa hakuna kishindo wala teke la bastola kurudi nyuma, ncha haiwezi kukuficha chochote: ikiruka wakati triga inafyatuka, umeiona.

Lakini hapa nakuwa mkali. Toa magazini (kikasha cha risasi), vuta nyuma slaidi, yaani kile chuma cha juu, tazama ndani ya chemba risasi inapokaa, kisha ingiza kidole kidogo uhakikishe. Risasi zote ziwe chumba kingine, zimefungiwa. Elekeza mtutu kwenye ukuta imara ambao nyuma yake hapakai mtu. Ukuta wa mabati au mbao haufai, na nyumba za kupanga zilizobanana hazifai kabisa. Watoto wasiwepo. Ukimaliza, useme kwa sauti kwamba umemaliza, uifungie bastola, na usirudie “moja ya mwisho” baada ya kurudisha risasi mahali pake. Bastola ya .22 usiifyatue tupu bila risasi bandia, kwa sababu pini inayogonga risasi inaweza kugonga chuma cha chemba na kuharibika.

Dakika kumi za utulivu zinatosha, kwa sababu kidole kikichoka kinaanza kujifunza uvivu. Mimi huweka sarafu juu ya kilengeo cha mbele na kufyatua. Ikibaki pale, kidole kimefanya kazi yake peke yake.

Uwanjani, mpe mwenzako magazini yako akujazie, achanganye risasi za kweli na bandia bila kukuambia mpangilio. Ukifika kwenye ile bandia, mtutu ukichovya chini, umejua kwamba mwili wako unausubiri mlipuko. Hili zoezi ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa halibishaniki.

Wanawake wenzangu, na yeyote mwenye kiganja kidogo: kagueni mpini. Kidole kikifikia triga kwa ncha tu, kinaisukuma pembeni badala ya kuivuta nyuma, na mita 25 utaona kundi zima la matundu limehamia upande. Bastola nyingi za siku hizi huja na vipande vya nyuma ya mpini vinavyobadilishwa. Weka kilicho chembamba zaidi kabla ya kujilaumu.

Macho nayo. Jicho litazame ncha ya mbele, iwe kali kama uandishi, na shabaha iwe ukungu kidogo. Ukishapita miaka arobaini hivi, ncha yenyewe huanza kuwa ukungu. Mwambie daktari wa macho unataka kuona vizuri umbali wa mkono ulionyooshwa, si umbali wa kusoma gazeti. Miwani hiyo ni tofauti. Pia jua letu la saa tisa, likija upande mmoja, hung'arisha ubavu wa ncha na jicho likadhani hapo ndipo katikati. Nenda asubuhi, au upake ncha rangi nyeusi isiyong'aa.

Kabla ya kuhukumu mkono wako, weka bastola juu ya gunia la mchanga na upige risasi tano mita 25, taratibu. Kundi hilo ndilo uwezo wa chombo chenyewe na risasi unazonunua. Ukisimama wima, usidai zaidi ya hapo.

Halafu usiruke hatua. Kaa mita 15 mpaka risasi tano ziingie ndani ya kisahani cha chai, si mara moja kwa bahati bali ziara baada ya ziara, ndipo uende 25. Ukifika 50, tumia karatasi kubwa, mwombe msimamizi wa uwanja akuhakikishie kwamba tuta la nyuma linatosha kwa umbali huo, na upige risasi tano tu kabla ya kwenda kutazama. Andika kwenye daftari kila risasi ilikoangukia na ulivyoihisi ilipotoka. Ukianza kutabiri tundu liko wapi kabla hujalifikia, ongeza magazini ya pili.