Anza na Hombolo, Serengeti haihami

Kila kijana anayenunua kamera hapa Dodoma huniuliza swali lilelile: "Kaka, mbugani niende lini?" Nami humuuliza, Hombolo umeshafika mara ngapi? Wengi hawajafika hata mara moja. Wanakaa mjini, bwawa liko kama kilomita 40 tu kaskazini-mashariki, na bado wanawaza simba.

Bwawa la Hombolo lilijengwa 1957, na miaka yote hiyo mvua zimekuwa zikilimwagia tope. Kwa mkulima hiyo ni hasara, kwako wewe ni bahati, maana kingo zimekuwa na maji ya kifundoni na ndege wa miguu mirefu wanashinda hapo. Hulipi kiingilio cha hifadhi wala hukodi gari la watalii. Ukiharibu picha 300 leo, Jumamosi unarudi. Mbugani ukiharibu, umeharibu na nauli.

Ondoka mjini saa kumi na moja alfajiri. Najua ni mapema, lakini jua letu halipandi kwa kujivuta. Linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa tatu mwanga umeshakuwa mkali, kivuli cheusi kimekaa chini ya mdomo wa ndege, na ukitumia lenzi ndefu utaona hewa inachezacheza juu ya tope kama moshi wa jiko. Picha ya wakati huo haitokei kali hata uwe na kamera ya mamilioni. Wageni wengi hulaumu lenzi. Lenzi haina kosa, funga begi ukanywe chai.

Ndege wa kujifunzia ni mdiria, yule wa madoa meusi na meupe. Nilimfuata miezi minne kabla sijapata picha ya kumwonyesha mtu. Anakaa kwenye kijiti cha nyavu, anaruka, kisha anasimama hewani palepale juu ya maji. Mabawa yanapiga kasi mno lakini kichwa hakitikisiki, ni kama kimepigiliwa msumari. Hapo ndipo pa kufokasi: jichoni. Ana sekunde chache kabla hajajitupa chini, kwa hiyo weka shata (kasi ya kamera kufunga na kufungua) 1/2000 ya sekunde mapema, fungua tundu la lenzi mwisho wake, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iache ipande hata 1600. Chenga kidogo kwenye picha hazina neno, ndege asiyetoka kali ndiye asiyesaidika. Akipata samaki mkubwa atarudi kwenye kijiti amgongegonge kwanza kabla ya kummeza. Ukishalijua hilo huna haja ya kumkimbiza, unakilenga kijiti na kungoja. Mimi sikuambiwa na mtu, nilikaa tu nikachoka kumfukuza.

Yangeyange naye atakufundisha mwanga. Ni mweupe pee, maji nyuma yake meusi. Kamera inaona weusi mwingi, inadhani ni giza, inaongeza mwanga, na ndege anatoka ameungua kama karatasi, hata unyoya mmoja huuoni. Kwenye kitufe cha +/- cha kamera punguza mwanga hatua moja, au hata moja na nusu, kisha tazama kama manyoya ya mgongoni yanaonekana. Kwenye kioo kidogo cha kamera picha itaonekana ya giza. Iache hivyo, nyumbani utaiinua.

Na upige ukiwa chini. Ukisimama, ndege anakuwa alama tu juu ya tope. Ukilala kifudifudi lenzi ikawa sawa na jicho lake, maji yaliyo mbele na nyuma yanayeyuka kuwa rangi tupu. Mimi natandika khanga kuukuu, na badala ya tripodi nina foronya niliyoshona mdomo baada ya kuijaza kilo mbili za mtama kutoka soko la Majengo. Lenzi inatulia juu yake kama mtoto mgongoni. Siku ya njaa unapika uji.

Vumbi ndilo adui wa kweli wa hapa. Mwaka wangu wa kwanza nilibadilisha lenzi barabarani, upepo wa Agosti unavuma, kisa nimeona tai. Tai akaenda zake. Nilipofika nyumbani kila picha ya anga ilikuwa na vidoa vyeusi, na wiki nzima nikaendelea kupiga nikidhani ni ndege wa mbali! Badilisha lenzi ndani ya gari, vioo vimefungwa, au ndani ya mfuko safi, mdomo wa kamera ukitazama chini.

Wavuvi wasalimie kabla hujatoa kamera begini. Ukisema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kwa wazee umeshapunguza nusu ya maswali. Usimpige mtu picha kabla hajakubali, na ukiahidi kumletea picha yake, ipeleke. Mzee mmoja niliyemsafishia picha moja ndiye aliyenionyesha wapi mdiria wanachimba mashimo ya kutagia kwenye ukingo wa udongo. Mashimo hayo yatazame kwa mbali, ukikaa mlangoni wazazi hawaingii na makinda yanalala njaa.

Ukishakuwa na mkono, nenda bwawa la Mtera, barabara ya Iringa. Vigogo vikavu vimesimama majini, minandi, ndege weusi wavuaji samaki, wamejaa juu yake wakianika mabawa, na jioni pale hapahitaji ufundi mwingi. Ila somo la kulala kifudifudi liache Hombolo. Mtera kuna mamba na viboko, kaa mbali na ukingo na uende na mwenyeji. Ukuta wa bwawa na mitambo ya umeme usiielekezee kamera bila ruhusa.

Maua hayasubiri Jumamosi yako. Mvua za kwanza zikigusa ardhi, kwa kawaida Desemba, pori lililokuwa kijivu linatoa maua ndani ya siku chache, mengine kabla ya majani. Waridi wa jangwani ni kinyume, huchanua wakati wa ukavu likiwa halina hata jani moja. Utomvu wake ni sumu iliyopakwa kwenye mishale, kwa hiyo ukilishika nawa mikono.

Ua la mbuyu ndilo lililonisumbua kuliko yote. Linafunguka jua likizama, linangojea popo usiku, na kesho yake linadondoka. Nilikaa chini ya mbuyu na mdogo wangu akishika tochi kwa pembeni, siyo mbele, ili nyuzi za katikati ya ua zionekane. Tulipata picha mbili nzuri, popo hatukumpata. Asubuhi nikarudi kulipiga lilipoanguka, nikakuta mbuzi anamalizia kulitafuna.