Nyumba ya marobota ya majani ya mpunga itadumu Tanga?

Swali: Mhandisi, shikamoo. Nina kiwanja Tongoni. Nimeona nyumba za nje ambazo kuta zake ni marobota ya majani makavu yaliyopigwa lipu, nikayawazia majani ya mpunga ya Mombo. Je, nyumba hiyo itadumu huku kwetu? Mchwa je, na moto?

Jibu: Marahaba. Itadumu, mradi isilowe. Mchwa na moto vinazuilika. Adui hasa ni maji, na Tanga tuna masika, vuli na unyevu wa bahari.

Ujenzi huu ulianzia Nebraska, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, mashine za kufunga marobota zilipofika kwenye nyika isiyo na miti. Lakini Nebraska ni kukavu, usijilinganishe nako. Mfano unaotufaa ni nyumba ya Burritt huko Huntsville, Alabama, iliyojengwa mwaka 1938 kwa marobota ya majani ya ngano. Kule kuna mvua na joto la unyevu, na nyumba ipo hadi leo.

Robota likaguliwe kabla hujalipa. Penyeza mkono hadi katikati: ukikuta joto, majani yanachacha, ukinusa ukungu, liache. Unyevu ukizidi asilimia 20 na kubaki hapo, kuoza kunaanza, kwa hiyo jenga ukiwa chini ya 15. Majani ya mpunga yana silika nyingi (madini magumu kama ya mchanga), hivyo huoza polepole. Yawe yamepurwa vizuri, maana punje zikibaki huita panya.

Inua msingi wa mawe au bloku sentimita 50 juu ya ardhi, mwaga zege juu yake, tandika nailoni nzito. Unyevu hautapanda, na mchwa atalazimika kupitisha njia yake ya udongo nje, uione na kuibomoa. Paa libebwe na nguzo, sio marobota, ili uezeke kwanza ndipo upange ukuta pakavu. Upenu usipungue mita 1.

Kwenye lipu nakusihi usikubali saruji, hata fundi akikuapia. Hupata nyufa nyembamba, maji yakaingia, yakakosa pa kutokea. Piga udongo kwanza, kisha chokaa, ambayo huruhusu ukuta kupumua. Hapa Tanga tumebarikiwa: chokaa inachomwa hapa hapa, na katani ipo. Katakata nyuzi zake fupi, changanya kwenye lipu zishike nyufa. Kila tabaka la chokaa lifunike kwa magunia yaliyoloweshwa, jua lisilikaushe ghafla.

Robota lililobanwa na kupigwa lipu pande zote huwaka kwa shida, kwa kukosa hewa. Hatari iko wakati wa ujenzi, majani yakiwa yametapakaa chini. Yafagiwe kila jioni, na sigara marufuku.

Nikueleze na suala la ubaridi. Ukuta wa sentimita 40 huzuia joto la nje, lakini usiku wetu haupoi sana, na joto likishaingia ndani hukawia kutoka. Ukitumia kiyoyozi, gharama ya ukuta huu italipa. Kama hutumii, mimi ningeweka marobota upande wa magharibi tu, unaopigwa na jua la jioni, na kwingine kuta nyepesi zenye madirisha makubwa yanayotazamana ili upepo upite.

Ramani ipeleke halmashauri upate kibali kabla ya kununua robota hata moja. Bafu, choo na jiko jenga kwa bloku, na bomba la maji lisipite ndani ya ukuta wa majani.