Mpaka wenu na jirani wa upande wa kibla

Mwanangu mpenzi,

Salaam aleikum warahmatullah. Sisi huku Lamu hatujambo, baba yako amepata nafuu ya kifua. Ujumbe wako nimeusoma na picha nimezitazama sana. Wasema jirani yenu huko Malindi, wa upande wa kibla, ameng'oa ua wa miti mlioukuta mliponunua kiwanja, amechimba msingi wa ukuta ndani ya upande wenu, kama hatua mbili kwa macho yako, na ukimuuliza akutolea maneno mazito mbele za watoto. Mumeo asema mwachieni, amani ni bora kuliko hatua mbili za mchanga. Shemeji yako asema vijana wakaujaze msingi usiku. Waniuliza umsikilize nani.

Usimsikilize hata mmoja wao.

Ya shemeji yako hayahitaji maneno mengi. Anayeingia na majembe usiku ndiye atakayelala kituoni, hata kama ardhi ni yake. Tena Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 imefanya kuwa ni kosa la jinai kung'oa au kuharibu alama ya mpaka. Vijana wakichimba gizani wakaing'oa bikoni, ile alama ya mpaka iliyowekwa na mpimaji, wewe mwenye haki ndiye utakayekwenda kujieleza, na ushahidi wako mkubwa utakuwa umekwisha kuondoka.

Ya mumeo ndiyo yanitiayo hofu zaidi, kwa sababu yana sura ya wema. Najua moyo wake, hapendi makelele. Lakini kuna kusamehe na kuna kunyamaza, na sheria ya Kenya haivichukui kwa namna moja. Mtu akikalia ardhi ya mwenziwe miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila ruhusa, na mwenyewe asichukue hatua, mwenye ardhi hupoteza haki ya kuidai. Yule aliyeikalia aweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi akaomba isajiliwe kwa jina lake. Huku Pwani kesi za namna hiyo si ngeni. Lakini miaka hiyo haimhesabii mtu aliyekaa kwa ruhusa ya mwenyewe. Kwa hiyo kama mumeo ataka kweli kuwa mkarimu, na awe mkarimu kwa kutamka, mbele ya mashahidi na kwa maandishi: hapa ni petu, tumekuruhusu utumie, na tukipahitaji tutakwambia. Akinyamaza, jirani hatajua kwamba amepewa. Atajua kwamba amechukua.

Wewe umekulia Mkomani, kwa hiyo jambo hili walijua hata kama hukuwahi kulifikiri. Nyumba zetu zimeegemeana. Ukuta mmoja wa mawe na chokaa hubeba boriti za watu wawili, na wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya njia, hukalia ukuta wa jirani wa ng'ambo. Mtume, sala na amani zimshukie, alikataza jirani kumzuia jirani mwenziwe asitie boriti katika ukuta wake, na Abu Huraira aliyeipokea hadithi hiyo aliwakemea watu alipowaona wanaipa mgongo. Wanavyuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafii wameichukua kuwa ni jambo la kuhimizwa, si la wajibu, nami naona humo mna faida kubwa: mwenye ukuta hutoa, na akitoa ukuta hubaki wake.

Babu yako aliombwa na jirani aegemeze boriti za chumba cha juu, akakubali siku ile ile. Kisha akawaita wazee wawili wa mtaa, ikaandikwa karatasi kwa hati za Kiarabu: boriti zimewekwa kwa ridhaa, ukuta ni wa fulani. Wapo waliomwona ana roho ndogo, kumpa mtu kitu kisha kumwandikia. Miaka ikapita, wote wawili wakafa, warithi wa jirani wakataka kuuza nyumba na kuuhesabu ukuta wote kuwa wao. Karatasi ilitolewa sandukuni, ikasomwa, mambo yakaisha jioni moja, na watoto wa nyumba zile mbili wakaendelea kuoana. Bila ya karatasi ile tungekuwa mahakamani na watu tuliowazika wazee wao.

Lakini boriti ni jambo moja na ardhi ni jingine. Anayechukua shibiri ya ardhi ya mtu kwa dhuluma, hadithi yasema atavishwa shingoni siku ya kiyama mpaka ardhi ya saba. Nakukumbusha hili kwa ajili ya jirani yako, na kwa ajili yako wewe pia, kwa sababu hujui bado kama hatua mbili zile ni zenu. Ua wa miti ulipandwa na aliyewauzia, au na aliyemuuzia yeye, na watu hupanda ua pale palipo rahisi kuchimba. Yawezekana jirani anasema kweli kwa mdomo mbaya. Jitayarishe kwa hilo kabla ya kulipa mtu yeyote.

Kwa hiyo fanya sachi, yaani uombe kutazamiwa daftari la usajili, katika ofisi ya ardhi ya kaunti yenu ya Kilifi, ya kiwanja chenu na ya kiwanja chake. Ya kwake ni muhimu kuliko unavyodhani. Malindi, kama Mombasa, watu wengi wana nyumba bila ardhi: ukuta na paa ni vyao, kiwanja ni cha mtu mwingine wanayemlipa kodi ya ardhi, naye huenda hakai hapo. Kama jirani yako ni katika hao, mnaweza kukubaliana naye mpaka mkakumbatiana na bado mwenye ardhi akaja kesho akasema hakuulizwa. Jua kwanza unazungumza na nani.

Kisha itazame hati yenu. Kama ina ramani ya upimaji yenye vipimo na namba za bikoni, mpaka wenu umefungwa kwa hesabu, na sevea, mpimaji wa ardhi, mwenye leseni aweza kuzitafuta bikoni au kuonyesha zilipokuwa. Ikiwa hati yategemea ramani ya jumla ya ofisi ya usajili, fahamu kwamba sheria yenyewe yasema ramani ile huonyesha mpaka kwa kukadiria tu. Ramani kama hiyo haiwezi peke yake kukuamulia hatua mbili. Hapo hutazamwa yaliyopo chini: mwembe wa zamani, mtaro, mashina ya ua uliong'olewa, na maneno ya watu waliokaa hapo muda mrefu. Ndiyo maana nataka upige picha mashina yale kabla hayajafukiwa, picha ambazo ndani yake nyumba yenu yaonekana, na uongee sasa na bibi yule auzaye mahamri pembeni mwenu, maana umeniambia yuko hapo tangu zamani.

Msipopatana, usikimbilie wakili. Mahakama haisikilizi kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka wenyewe haujaamuliwa na msajili wa ardhi. Unamwandikia msajili, anawapa nyote wawili notisi, anakuja na mpimaji wa serikali, anawasikiliza, inapimwa, anaandika uamuzi wake. Asiyeridhika ndiye aende mbele. Uliniuliza pia kuhusu kadhi. Kadhi ana ndoa, talaka na mirathi, mpaka na jirani haumo. Chifu na mzee wa mtaa hawana uwezo wa kukata mpaka, lakini waite, kwa kuwa jirani atachunga ulimi wake mbele yao, na jina lao kwenye karatasi lina uzito.

Na msingi usisubiri hayo yote. Nenda ofisi ya mipango ya kaunti ukaulize kama ana kibali cha kujenga. Asiye na kibali kaunti yaweza kumsimamisha, na hilo halihitaji mpaka uwe umejulikana.

Sasa kuhusu maneno yake. Usimwendee wakati mafundi wapo, mwanamume mwenye mafundi mbele yake hawezi kurudi nyuma. Nenda baada ya alasiri, wewe na mumeo pamoja, ili asiseme amesemeshwa na mwanamke peke yake wala asimwambie mumeo neno ambalo wewe hukulisikia. Mwambieni moja tu: tunaleta sevea, tungependa uwepo, na ukitaka lete wako. Akitukana, mrudie hilo hilo kisha ondokeni. Mambo haya usiyapeleke kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na wanao wasikatazwe kucheza na wanawe. Mkewe umwamkie kama siku zote, mambo haya hakuyaanza yeye.

Barua ya kwanza ya kumtaarifu jirani iandikeni wiki hii, fupi, yenye tarehe, bila neno la ukali, na nakala moja ibaki kwa mzee wa mtaa. Mumeo ndiye aiandike kwa mkono wake, atatulia akijua hajaombwa agombane. Mkiimaliza nisomee kwa simu baada ya Isha kabla hamjaipeleka. Na hati yenu itoeni nakala, moja mpeni ndugu yako anayesafiri na basi la Lamu Alhamisi, baba yako ataka kuiona ile ramani mwenyewe.

Mama yako,
Mkomani, Lamu